Matrekta Kilombero: Tatizo si uzee, ni vipuri

MSIMU wa mpunga katika Bonde la Kilombero hausubiri mtu. Mvua za kwanza zinapolainisha ardhi ya mbuga, kati ya Novemba na Januari, mkulima wa Ifakara, Mbingu, Mngeta au Lupiro huwa na wiki chache tu za kulima, kupiga haro na kupanda. Masika yakishakolea, maji ya Mto Kilombero na vijito vyake hutanda bondeni, na hakuna trekta, liwe jipya au kuukuu, linaloweza kuingia tena shambani.

Ni katika wiki hizo ambapo kipuri kinachoenea kiganjani huamua nani atavuna na nani atanunua mchele dukani. Sili ya oili ikipasuka, maji na tope huingia kwenye beringi. Pleti ya klachi ikiisha, injini hunguruma lakini magurudumu hayaendi. Pampu ya haidroliki ikichoka, plau haliinuki. Trekta husimama pale pale lilipo, na mwenye trekta huanza safari ya kutafuta.

Hasara ya kusimama huko si ya mwenye trekta peke yake. Wakulima wengi wa bonde hilo hawamiliki trekta, bali hulimiwa kwa malipo ya ekari. Trekta linalolima ekari 8 kwa siku likikaa wiki mbili likisubiri kipuri, ni zaidi ya ekari 100 ambazo zimekosa kulimwa kwa wakati wake. Ekari hizo ni za watu wengi, na kila mmoja wao alikuwa amekwishajipangia siku.

Maelezo yanayotolewa haraka kuhusu hali hiyo ni kwamba matrekta yaliyopo ni ya zamani mno, na kwamba dawa yake ni kuleta mapya. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Ukichunguza ni matrekta gani hasa yanayokosa vipuri, utagundua kuwa umri si kipimo kizuri. Yapo matrekta yenye umri wa miaka 50 ambayo spea zake hupatikana katika wiki ileile, na yapo yenye umri wa miaka 10 ambayo yanaota kutu chini ya miembe.

Mfano ulio wazi ni Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964. Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilichokuwa kikilitengeneza kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hesabu ya kawaida, trekta hilo lilipaswa kuwa limekwisha kutoweka. Badala yake, fundi anayetafuta pistoni, ringi au gasketi za injini yake ya Perkins yenye silinda tatu huweza kuzipata katika maduka ya vipuri ya Dar es Salaam bila shida kubwa.

Sababu yake haiko Coventry, bali Chennai na Lahore. Kampuni ya TAFE ya India, iliyoanzishwa mwaka 1960, na ile ya Millat ya Pakistan, iliyoanzishwa mwaka 1964, zilipewa ruhusa ya kutengeneza matrekta ya Massey Ferguson nchini mwao na ziliendelea kutumia injini na gia boksi za ukoo uleule kwa miongo mingi. Mamilioni ya wakulima wa bara la Asia walizitumia. Penye wateja wengi, vipo pia viwanda vingi vidogo vinavyotengeneza vipuri, na vipuri hivyo hupakiwa kwenye makontena na kufika Afrika Mashariki.

Kwa maneno mengine, trekta halifi kwa sababu ya uzee wake. Linakufa pale ambapo ukoo wake umekatika, yaani hakuna tena mtu popote mwenye sababu ya kibiashara ya kutengeneza kipuri chake.

Kila enzi na trekta lake

Bonde la Kilombero na Tanzania kwa jumla zimerithi mchanganyiko mkubwa wa koo hizo, na mchanganyiko huo haukutokea kwa bahati mbaya. Kila enzi ilikuwa na mfadhili wake, na kila mfadhili alikuja na trekta la kwao.

Somo la kwanza lilitolewa kabla ya uhuru. Mradi wa karanga ulioendeshwa na Waingereza huko Kongwa, Nachingwea na Urambo kati ya 1947 na 1951 ulianza kwa matrekta mengi yaliyokuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakiwa yamenunuliwa mitumba kutoka Ufilipino. Mengi yalisimama kwa ubovu kabla ya kazi kufika mbali, huku karakana na vipuri vikiwa havitoshi. Mradi ulifungwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36 za wakati huo. Ukame na uchaguzi mbaya wa ardhi ndivyo hukumbukwa zaidi, lakini uhaba wa vipuri ulikuwa miongoni mwa matatizo ya mwanzo kabisa.

Katika miaka ya 1980 ilifuata enzi ya Kibaha, ambako kiwanda cha TRAMA kiliunganisha matrekta ya Valmet kwa ushirikiano na Finland. Huko Mngeta, ndani ya Bonde la Kilombero, shamba la mpunga la KOTACO liliendeshwa kwa ubia kati ya Tanzania na Korea Kaskazini kuanzia katikati ya muongo huohuo hadi lilipoachwa. Hiyo pia ilikuwa miaka ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kipuri kilichohitaji dola kililazimika kusubiri mgawo, na hali ilianza kulegea mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe.

Agosti 2009 ilizinduliwa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza. Kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India, SUMA JKT ilileta matrekta zaidi ya 1,800 ya aina ya Farmtrac na New Holland na kuyauza, mengi kwa mkopo. Sambamba na hayo, halmashauri za wilaya ziligawiwa matrekta madogo ya mkono, maarufu kama pawatila. Mwaka 2010 ukatangazwa pia mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, ambao Kilombero ni moja ya maeneo yake makuu.

Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) liliingia mkataba wa dola milioni 55 na kampuni ya URSUS ya Poland kwa lengo la kuunganisha matrekta 2,400 nchini. Kazi hiyo ilipelekwa Kibaha, mji uleule uliokuwa ukiunganisha Valmet miaka 30 kabla. Lakini mwaka 2021 mahakama nchini Poland ilitangaza kuwa URSUS imefilisika. Mnunuzi mpya wa mali zake alipatikana mwaka 2024, ila kwa mkulima aliyekuwa na trekta lililoharibika, miaka mitatu ya katikati ilikuwa misimu mitatu.

Orodha hiyo haimaanishi kuwa trekta la Poland au la Finland lilikuwa baya. Valmet lilikuwa na sifa nzuri kwao, na bado linatengenezwa kwa jina jingine. Inachoonyesha ni kwamba kila mara hesabu iliyotangazwa ilikuwa ya matrekta yanayoingia. Ni nadra kutangazwa hesabu ya vipuri vinavyofuatana nayo, mafundi waliofundishwa kuyatengeneza, au miaka ambayo muuzaji amejifunga kuendelea kuleta spea.

Safari ya kipuri

Kwa miaka mingi lawama ya kuchelewa kwa vipuri Ifakara ilielekezwa kwenye barabara, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Mji huo uko zaidi ya kilometa 400 kutoka Dar es Salaam. Sehemu ya kutoka Kidatu, yenye kilometa 66.9, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Waliokuwa ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Ulanga na Malinyi, walitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka na kuua watu.

Hali hiyo imebadilika. Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384 lilizinduliwa Mei 2018, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara imewekwa lami. Kifurushi kinachopakiwa kwenye basi Dar es Salaam alfajiri huweza kumfikia fundi wa Ifakara siku hiyohiyo, na malipo yake hufanyika kwa simu ya mkononi.

Hata hivyo, matrekta bado husimama wiki nzima na zaidi. Ni dhahiri basi kuwa umbali haukuwa tatizo lote. Basi linaweza kubeba kipuri kilichopatikana, lakini haliwezi kubeba kile ambacho hakuna aliyejua jina lake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mara nyingi mwenye trekta humtuma mtu Gerezani au Kariakoo akiwa na maelezo kama "pampu ya Ford" au "beringi ya Valmet". Muuzaji hujibu kuwa haipo, na pengine anasema kweli kwa jinsi alivyoulizwa. Kampuni ya Ford iliuza biashara yake ya matrekta kwa Fiat mwaka 1991, na vipuri vyake vikaendelea kupatikana kwa jina la New Holland. International iliunganishwa na Case mwaka 1985. Valmet ikawa Valtra, na tangu 2004 inamilikiwa na AGCO ya Marekani, kampuni ileile iliyoinunua Massey Ferguson mwaka 1994. Escorts ya India, watengenezaji wa Farmtrac, tangu 2022 ni Escorts Kubota. Anayetafuta jina lililofutwa hatapata kitu, ingawa kipuri chenyewe kinaweza kuwa kwenye rafu iliyo nyuma ya muuzaji.

Jina la trekta kwenye boneti, kwa hiyo, ni mwongozo dhaifu. Chenye nguvu ni namba. Kibao cha injini, namba iliyochongwa au kusubiwa kwenye chuma, na vipimo vya kipuri chenyewe ndivyo vitambulisho vya kuaminika. Kwa injini za Perkins zilizofungwa kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson, herufi za mwanzo za namba ya injini hutaja ukoo wake. LD, kwa mfano, ni injini ya 4.236 yenye silinda nne. Fundi mwenye herufi hizo hahitaji hata kutaja trekta. Injini hiyo imefungwa pia kwenye mashine nyingine za ujenzi na za viwandani, na spea zake zinaweza kupatikana kwa wauzaji ambao hawajawahi kuuza plau.

Vivyo hivyo kwa beringi. Watengenezaji wa beringi duniani hufuata namba za pamoja. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China, na iwe inakwenda kwenye trekta, mashine ya kukoboa mpunga au pampu ya maji. Sili za oili nazo hupimwa kwa vipimo vitatu: tundu, upana wa nje na unene. Kipuri kinachosemekana hakipo "kwa trekta hili" mara nyingi kipo kwa kipimo hicho katika duka la beringi, tena kwa bei nafuu kuliko kikiwa ndani ya boksi lenye nembo ya trekta.

Ujuzi huo si wa siri, na mafundi wazoefu wa Ifakara wanaufahamu. Tatizo ni kwamba unakaa vichwani mwa watu wachache. Fundi anapozeeka au kuhama, daftari lake la namba huondoka naye. Aidha, kwenye injini nyingi kuukuu kibao cha namba kilikwishang'oka, na namba ya beringi hufutika kwa joto na msuguano. Asiyekuwa na kumbukumbu iliyoandikwa kabla ya kuharibika hulazimika kubeba kipuri kibovu mkononi na kuzunguka nacho duka kwa duka.

Kutengeneza badala ya kununua

Pale ambapo kipuri hakipatikani kabisa, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kuchinja trekta jingine, yaani kunyofoa kipuri kwenye trekta lililokufa ili kuokoa lililo hai. Njia hiyo imeokoa misimu mingi, lakini ina mwisho wake. Kila trekta linalochinjwa hupunguza idadi, na kipuri kinachonyofolewa kimekwisha kutumika kwa miaka ileile kama kile kilichoharibika.

Njia ya pili ni kukitengeneza. Si kila kitu kinahitaji kuagizwa ng'ambo. Shafti iliyolika inaweza kujazwa kwa kuchomelewa kisha ikakerezwa hadi kipimo chake. Bushi na pini za ekseli ya mbele huweza kukerezwa kutoka kwenye chuma au shaba ya kawaida. Krenki iliyochubuka husagwa hadi kipimo cha chini na kufungwa metali nene zaidi zinazouzwa kwa vipimo hivyo. Gasketi nyingi ndogo hukatwa kwa mkono.

Lakini njia hiyo nayo ina mipaka ambayo si vyema kuificha. Pampu ya dizeli imeundwa kwa sehemu zinazolingana kwa vipimo vidogo mno, na haiwezi kurekebishwa kwa kukisia. Inahitaji mashine maalumu ya kuipima. Gia iliyochongwa kwa chuma laini itafanya kazi msimu mmoja kisha itasagika na kuharibu zile zinazokutana nayo. Chuma lazima kiwe cha aina sahihi na kigumishwe kwa moto kwa namna sahihi. Bila mashine hizo, fundi hodari hugeuka kuwa mtu wa kubahatisha.

Kinachosikitisha ni kwamba Kilombero imewahi kuwa na uwezo huo jirani kabisa. Wakati wa ujenzi wa Reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, karakana kubwa ilijengwa na Wachina huko Mang'ula, kati ya Ifakara na Kidatu, kuhudumia ujenzi huo. Reli ilipokamilika, karakana iligeuzwa kuwa kiwanda cha umma cha zana na mashine. Hapo palikuwa na mahali ambapo, kwa mpango mzuri, gia na shafti za matrekta ya bonde zima zingeweza kutengenezwa umbali wa saa chache kwa baiskeli. Kiwanda hicho kikadorora kama vilivyodorora viwanda vingine vingi vya mashirika ya umma.

Si kwamba taifa halina mahali pengine. SIDO ipo tangu 1973 na ina ofisi mikoani. CAMARTEC ya Arusha ilianzishwa mwaka 1981 mahsusi kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia vijijini. Kituo cha Nyumbu cha Kibaha kina uzoefu wa kuunda magari na kusubu chuma, na kiwanda cha zana za mashine cha KMTC cha Moshi, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria, kimekuwa kikifufuliwa na NDC. Viwanda vya sukari vilivyo upande wa Kidatu navyo haviwezi kuendeshwa bila karakana. Kinachokosekana ni daraja kati ya taasisi hizo na fundi wa Ifakara anayehitaji gia moja, leo, kabla mvua haijazidi.

Forodha, mikopo na spea bandia

Sera nazo zimelipa trekta heshima ambayo kipuri hakikupewa. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 inalitaja trekta la kilimo miongoni mwa vifaa vilivyosamehewa kodi hiyo. Lakini katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa bandarini, trekta liko kwenye kifungu 87.01, ilhali beringi iko 84.82, gasketi 84.84, chujio 84.21 na pampu 84.13. Forodhani, beringi ni beringi, iwe inakwenda Mngeta kwenye shamba la mpunga au Mbagala kwenye daladala. Msamaha unaotolewa kwa jina la trekta haukifuati kipuri moja kwa moja.

Kwa upande wa mikopo hali inafanana. Mkopo wa kununua trekta jipya la makumi ya mamilioni ya shilingi una sura inayoeleweka benki, kwa kuwa trekta lenyewe ni dhamana. Mkopo mdogo wa kufufua trekta kuukuu hauna mvuto huo. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ni miongoni mwa vyombo vichache vilivyoweka ukarabati wa matrekta katika orodha ya vitu vya kukopesha. Wazo hilo lilistahili kukuzwa zaidi ya lilivyokuzwa.

Penye uhaba pia huingia udanganyifu. Spea bandia yenye nembo ya kampuni maarufu huuzwa kwa bei ya kati, si rahisi sana ya kutiliwa shaka wala si ghali kama halisi. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa za namna hiyo, lakini macho yake hayawezi kufika kila duka la mjini, sembuse vijijini. Yafaa pia kutofautisha. Kipuri kilichotengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake yenyewe si bandia, na kinaweza kuwa kizuri kabisa. Bandia ni kile kinachovaa jina la mwingine.

Wenye matrekta nao hawawezi kukwepa sehemu yao. Dereva anayelipwa kwa ekari ana kila sababu ya kuongeza ekari na hana sababu ya kusimama kupaka grisi. Chujio la hewa lisiposafishwa, vumbi husaga ringi na silinda. Oili isipobadilishwa kwa saa zinazotakiwa, krenki hulika. Sehemu ya vipuri vinavyotafutwa kwa hofu mwezi Januari ingeweza kuepukwa kwa kazi ya siku moja mwezi Septemba.

Kinachowezekana

Hoja kwamba Tanzania inahitaji matrekta mapya haina mpinzani. Hoja iliyopo ni kuwa trekta jipya ni trekta kuukuu la kesho, na kwamba makosa ya kulinunua huonekana wakati walioweka saini wamekwisha kuhama ofisi.

Jambo la kwanza linalowezekana ni kubadili mikataba. Ununuzi wowote wa matrekta kwa fedha au dhamana ya umma unapaswa kutaja akiba ya vipuri inayoingia pamoja nayo, idadi ya mafundi watakaofundishwa, na miaka ambayo mtengenezaji atawajibika kuleta spea. Michoro na namba za vipuri zibaki nchini, ili hata kampuni ikifilisika, kama ilivyotokea Poland, kazi iweze kuendelea kwa kutengeneza hapa.

Pili ni kupunguza idadi ya koo. Wilaya yenye aina tatu za matrekta, kila moja kwa wingi, inaweza kumlisha muuzaji wa spea na kumfanya afungue duka Ifakara. Wilaya yenye aina 15, moja moja, haiwezi kumlisha hata mmoja. Uchaguzi wa trekta uzingatie kile ambacho majirani tayari wanacho, si kile ambacho mfadhili wa mwaka huo anauza.

Tatu ni kumbukumbu. Halmashauri zina maofisa wa zana za kilimo. Daftari linaloorodhesha kila trekta lililopo bondeni, ukoo wake, namba ya injini na vipimo vya vipuri vyake vinavyolika mara kwa mara lingegharimu kidogo sana na kuokoa siku nyingi. Wenye matrekta wa eneo moja wangeweza kuagiza pamoja kabla ya msimu, badala ya kila mmoja kumtuma kijana wake Dar es Salaam wakati mvua imekwisha kuanza.

Nne ni karakana. Mashine moja nzuri ya kukereza chuma, mashine ya kupima pampu za dizeli na tanuri dogo la kugumisha chuma, vyote vikiwa chini ya mafundi waliosomea kazi hiyo, vingelihudumia bonde lote kuanzia Kidatu hadi Mlimba na ng'ambo ya mto hadi Malinyi. Mang'ula ilikwisha kuonyesha kuwa jambo hilo linawezekana katika ardhi hiyohiyo.

Serikali imekuwa ikirejea tena wazo la vituo vya kukodisha zana za kilimo. Vituo hivyo vitapimwa kwa matrekta mangapi yalipokelewa siku ya uzinduzi, kwa kuwa ndiyo picha inayopigwa. Kipimo cha haki zaidi kingechukuliwa mwezi Januari wa mwaka wa tano: ni matrekta mangapi yaliyo shambani, ni mangapi yaliyoegeshwa, na yaliyoegeshwa yanasubiri kipuri gani.

Mpaka kipimo hicho kianze kutumika, mkulima wa Kilombero ataendelea kulimiwa na Massey Ferguson lililotengenezwa kabla hajazaliwa. Analitumia si kwa kuwa anapenda vitu vya zamani, bali kwa kuwa likiharibika Jumatatu, ana matumaini ya kuliona likirudi shambani kabla ya Ijumaa.